Usiku ni wa Mtoto, Jioni ni ya Wazazi

Upo wizi unaotendeka kila siku katika nyumba za watumishi wa Serikali na walimu wa nchi hii, nao haujapata kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Anayeibiwa kwanza ni mtoto, na kitu anachoibiwa ni usingizi. Anayeibiwa pili ni mama yake, na kitu anachoibiwa ni jioni. Wezi ni wengi, na makala haya yatawataja mmoja mmoja. Lakini yafaa tuseme tangu mwanzo kwamba wengine kati yao hawaji kutoka mbali. Wamo humo humo ndani, na ndio wenye funguo za nyumba.

Tutazame mambo yalivyo. Katika nchi yetu jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima. Giza likishaingia, mtoto wa darasa la pili amekaa sebuleni mbele ya televisheni. Saa 2 usiku inaanza taarifa ya habari, naye yupo. Saa 3 unaanza mchezo wa kuigiza wenye mapenzi, visasi na sumu, naye yupo bado, tena anayajua majina ya wahusika wote kuliko anavyoijua jedwali la kuzidisha. Saa 4 amejilaza juu ya kochi, sare ya shule haijavuliwa, na hapo ndipo mama anakumbuka kwamba hajaoga. Saa 10:30 alfajiri anavutwa blanketi, kwa sababu gari la shule litapita saa 11, nalo halimsubiri mtu.

Tufanye hesabu, maana wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa hesabu. Kutoka saa 4 usiku mpaka saa 10:30 alfajiri ni muda wa saa 6 na nusu. Mwaka 2016 madaktari bingwa wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji usingizi wa muda wa saa 9 mpaka 12 katika kila siku, na kijana wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji muda wa saa 8 mpaka 10. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likasema kwamba mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji muda wa saa 10 mpaka 13, usingizi wa mchana ukihesabiwa. Basi hata tukichukua kiwango cha chini kabisa, mtoto wetu wa darasa la pili amepungukiwa na muda wa saa 2 na nusu kila usiku. Mwaka wa masomo una siku 194. Zidisha, utapata muda wa saa 485. Huo ni usingizi wa usiku 53 na zaidi, alioporwa mtoto mmoja katika mwaka mmoja wa shule.

Walimu wanalijua deni hilo, kwa kuwa wao ndio wanaolipwa nalo. Saa 5 asubuhi, jua likianza kuwa kali juu ya mabati, kichwa cha mtoto huyu kinaanguka juu ya dawati. Ataitwa mvivu. Ataitwa mzito wa kuelewa. Katika shule nyingine atasimamishwa nyuma ya darasa, na katika nyingine atachapwa. Hivyo mtoto aliyeibiwa anaadhibiwa kwa kosa la kuibiwa, na jioni anarudishwa kwa wale wale waliomwibia.

Usingizi wa mtoto si uvivu, wala si muda uliopotea. Homoni inayomkuza mtoto hutoka kwa wingi katika usingizi mzito, na usingizi huo mzito huja zaidi katika sehemu ya kwanza ya usiku. Mambo aliyojifunza mchana hupangwa na kukazwa akilini wakati amelala. Kumkatia mtoto usingizi ili asome zaidi ni sawa na mkulima kula mbegu ili apate nguvu za kupanda. Tena liko jambo la mbu. Taifa hili limetumia fedha nyingi kugawa vyandarua, tangu mpango wa Hati Punguzo ulipoanza mwaka 2004 mpaka ugawaji wa bure uliofuata. Lakini chandarua kinamkinga aliye ndani yake. Mtoto aliyekaa barazani au sebuleni mpaka saa 4 usiku ana chandarua kizuri kinachokilinda kitanda kitupu.

Sasa tuwasikilize wapinzani, maana wapo, na baadhi yao ni watu wenye heshima zao.

Wa kwanza husema kwamba kumpangia mtoto saa ya kulala ni uzungu, ni mambo ya kwenye vitabu vya mabwanyenye. Hii ni kasumba iliyogeuzwa nje ndani. Huko Ulaya ya kaskazini, mwezi wa Juni, jua laweza kuwapo mpaka saa 4 usiku. Mzazi wa huko analazimika kufunga mapazia mazito ili mtoto akubali kwamba ni usiku. Sisi tumepewa giza kamili, kwa wakati wake, kila siku ya mwaka, tena bila malipo. Wazee wetu walilitumia. Bibi alisema “Paukwa”, watoto wakaitikia “Pakawa”, na wengi wao hawakupata kusikia mwisho wa hadithi kwa kuwa usingizi uliwachukua njiani. Hadithi ile ilikuwa mafunzo, na ilikuwa pia njia ya kumpeleka mtoto kitandani. Baada ya hapo wakubwa walibaki na mazungumzo yao, na mtoto aliyeyasogelea mazungumzo ya wakubwa alihesabiwa kuwa hana adabu. Wazee hawakuwa na saa ya ukutani, lakini walikuwa na mpaka kati ya usiku wa mtoto na jioni ya mtu mzima. Kilicho kigeni hapa ni hilo sanduku lililo sebuleni. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na Tanzania Bara haikupata vituo vyake mpaka mwaka 1994. Na simu ya mkononi, ambayo sasa mtoto analala nayo chini ya mto, ni ya juzi tu. Basi anayetetea mambo hayo asijifunike kwa kanzu ya mila.

Wa pili husema: “Sisi tunaishi katika chumba kimoja. Mtoto atalala wapi, na hiyo jioni ya wazazi itakaa wapi?” Huyu anastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa mwalimu anayepanga chumba kimoja katika nyumba yenye ukumbi katikati na wapangaji sita hakujichagulia hali hiyo. Lakini ndiye hasa anayehitaji utaratibu kuliko mwenye nyumba ya vyumba vinne. Pazia linaweza kutundikwa. Taa inaweza kufunikwa na redio kupunguzwa. Wazazi wanaweza kutoka na mkeka wakakaa uani au barazani, penye upepo, hatua tano kutoka mlangoni. Nyumba zetu za Kiswahili zilijengwa na baraza kwa sababu watu wazima walihitaji mahali pa kuzungumza. Ufinyu wa chumba unafanya kazi iwe ngumu zaidi, hauhalalishi fujo.

Wa tatu ni yule anayetaka mtoto wake ashinde mtihani. Huyu humtoa mtoto shuleni saa 9 alasiri, akamtia tuisheni mpaka saa 12 jioni, kisha akamkalisha mezani na kazi za nyumbani mpaka saa 4 usiku. Hapa walimu wenzangu wa nia njema wanisamehe, maana lawama nyingine ni yao. Mwalimu anayempa mtoto wa miaka 8 kurasa tano za mazoezi kila jioni, na mwalimu anayefundisha nusu ya somo asubuhi ili nusu nyingine aiuze jioni, wamo katika orodha yetu ya wezi. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikataa elimu inayomtayarisha mtoto kwa ajili ya mtihani peke yake, akawa hafai kwa lolote jingine. Mtoto asiyejua kucheza, kuota jua wala kulala, bali kujaza daftari tu, ni mfano kamili wa kile kilichokataliwa.

Wa nne ndiye mwenye hoja nzito. Yeye husema: “Natoka kazini saa 11, foleni inanishika, nafika nyumbani saa 2 usiku. Mtoto akilala saa hiyo, mimi nitamwona lini?” Uchungu huo ni wa kweli, wala hatutaudharau. Lakini tazama dawa anayoipendekeza: kwa kuwa mwajiri na barabara vimemnyang’anya saa zake, naye anamnyang’anya mtoto za kwake ili kufidia. Deni la mtu mzima analipishwa mdogo. Haki ni kumdai aliyechukua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha muda wa saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mapumziko ya muda wa saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Hata pale ambapo taratibu za utumishi wa umma zinatofautiana na hizo, maana yake ni moja: mtu ana nyumba. Mkuu wa idara anayeitisha kikao saa 10:30 jioni kwa jambo ambalo lingeweza kumalizwa saa 4 asubuhi, naye aandikwe katika orodha yetu, tena karibu na juu. Na wakati mapambano hayo yakiendelea, mzazi anayechelewa anaweza kukutana na mtoto wake alfajiri wakati wa chai, na Jumamosi na Jumapili mchana kweupe. Nusu saa ya mtoto aliye macho na mzazi aliyezima simu ni bora kuliko muda wa saa mbili wa kukaa kochi moja wakitazama ukuta mmoja.

Hapa ndipo tunapofika kwenye nusu ya pili ya hoja yetu, ambayo wengi huiona aibu kuitamka: wazazi nao wana haki ya jioni.

Haki hii haikuletwa na watu wa anasa. Wafanyakazi ndio walioipigania. Mei 1886 wafanyakazi wa Chicago waligoma wakidai siku ya kazi ya muda wa saa 8, na baadhi yao walilipa kwa damu. Ndiyo sababu leo tunaiadhimisha Mei Mosi. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani lilipozaliwa, mkataba wake wa kwanza kabisa ulihusu saa za kazi viwandani. Wale watu hawakudai muda wa kulala na kula tu. Walidai sehemu ya tatu ya siku iwe yao wenyewe: wasome, wazungumze, waketi na wenzi wao, wakutane katika vyama vyao. Mtu asiye na saa hizo ni mtambo unaozimwa usiku na kuwashwa asubuhi.

Na taifa hili lilijengwa sana katika saa za namna hiyo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu waliotoka shambani na kiwandani walishika chaki baada ya kazi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kujadiliana na kisha kwenda kuchimba vyoo. Tujiulize: leo kampeni kama hiyo ikitangazwa, mtumishi gani na mwalimu gani ana jioni ya kuitoa? Mwalimu anatayarisha masomo ya kesho huku mtoto mmoja akilia na mwingine akigombania simu. Mtumishi amenunua kitabu tangu mwaka jana na bado yuko ukurasa wa 12. Mume na mke wanazungumzia ada na kodi ya nyumba mbele ya watoto, kwa kuwa hakuna saa ambayo watoto hawapo, na mtoto wa miaka 7 anabeba moyoni hofu ya madeni asiyoyaelewa. Ndoa ambayo haina hata saa moja ya maneno ya faragha kwa siku huishia kuwa ofisi ya kugawa matumizi.

Lakini tuseme wazi, maana bila neno hili makala yote yatakuwa unafiki: tunaposema jioni ya wazazi, tuna maana ya wazazi wawili. Sisi wanaume wengi tunayo jioni tayari. Tumeipata siku nyingi, nayo inakaa kaunta ya baa, au kwenye bao, au kijiweni penye kahawa, mpaka watoto walale wenyewe kwa kuchoka. Tunaporudi tunauliza kwa nini chakula kimepoa. Mama, ambaye naye ametoka kazini, amepika, ameosha, amepiga pasi sare, amekagua madaftari, na bado anatarajiwa kucheka. Kisha mtoto akiharibika tunaitoa ile methali ya asiyefunzwa na mamaye, tukaifanya fimbo ya kumchapia mwanamke, kana kwamba mtoto hakuwa na baba.

Mwalimu Nyerere, katika Ujamaa Vijijini ya mwaka 1967, hakuficha kwamba jamii yetu ya zamani, pamoja na mema yake yote, ilikuwa na kasoro hii: wanawake walifanya kazi kupita sehemu yao ya haki. Mwongozo wa mwaka 1971 ukawakataza viongozi dharau na uonevu. Je, mwanachama anayekariri maneno hayo mkutanoni, kisha nyumbani akaishi kwa jasho la jioni la mwenzake, tumwite nani? Zamani tuliwaita watu wa namna hiyo kupe, na neno hilo halijapoteza maana. Baba anayetaka jioni aanze kwa kuwahi kurudi, amwogeshe mtoto, amsimulie hadithi, azime taa. Akishafanya hivyo, jioni inayobaki ni halali yake, na itakuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Wapo wengine waliogundua njia ya mkato. Hawa wamepata jioni kwa kumweka msichana wa kazi. Mtoto wa bwana anatazama televisheni, bwana na bibi wametoka kwenda kwenye sherehe, na msichana wa miaka 15 kutoka kijijini yuko macho mpaka saa 5 usiku akisubiri kufungua geti, naye ndiye atakayewasha jiko saa 10 alfajiri. Sheria ile ile ya mwaka 2004 inakataza kumfanyisha kazi za usiku mtu aliye chini ya miaka 18, na imeeleza usiku ni upi: kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Jioni inayonunuliwa kwa usingizi wa mtoto wa mtu mwingine ni unyonyaji, hata kama mnyonyaji ana shahada na kadi ya Chama. Katika nyumba ya haki saa ya kulala ni ya watoto wote walio chini ya paa lile, awe wa kuzaa, wa ndugu, au wa mshahara.

Sheria hiyo imetupa pia saa ya kuanzia. Kama dola imekwisha kuamua kwamba kuanzia saa 2 usiku mtoto asifanyishwe kazi, basi na sisi tuamue kwamba kuanzia saa hiyo mtoto wa shule ya msingi asiwe sebuleni. Saa 2 inajulikana na kila nyumba. Taarifa ya habari inaitangaza yenyewe. Habari zikianza, watoto wawe wamekula, wameoga na wamo ndani ya chandarua. Waliofika sekondari wapewe mpaka saa 3 au saa 3:30, na simu ibaki mezani kwa wazazi. Mtoto atalia siku ya kwanza, na ya pili, pengine na ya tano. Mzazi asiyeweza kustahimili kilio cha siku tano asijidanganye kwamba anamhurumia mtoto. Anahurumia masikio yake.

Lakini saa 2 ya nyumbani haitatosha bila ya kugusa alfajiri. Mtoto aliyelala saa 2 usiku na kuamshwa saa 10:30 amelala muda wa saa 8 na nusu, na bado hajatimiza kiwango cha chini. Kwa hiyo kamati za shule na wenye shule binafsi wabanwe juu ya magari yanayozunguka mji mzima gizani ili gari moja lifanye kazi ya matatu. Hiyo ni faida inayochumwa kutoka katika usingizi wa watoto. Jumuiya ya Wazazi ya Chama, ambayo mizizi yake ni TAPA iliyojenga shule za watoto wa Kiafrika wakati wa ukoloni, haiwezi kukosa la kusema katika jambo hili. Ilipigania mtoto apate darasa. Sasa ipiganie aingie darasani akiwa macho.

Walimu na watumishi wenzangu, mambo mengine tunasubiri bajeti, wafadhili na waraka kutoka makao makuu. Hili halihitaji shilingi moja, wala halingoji saini ya mtu. Leo usiku, taarifa ya habari ikianza, kila msomaji wa makala haya atazame sebule yake, ahesabu watoto waliomo, kisha atazame ni nani aliyeko jikoni. Majibu ya maswali hayo mawili yatamwonyesha yeye yuko upande gani.